Alipita Saa Ngapi?

Nikiwatembeza watu katika Msitu wa Karura hapa Nairobi, swali la kwanza huwa lile lile: "Hizi ni nyayo za mnyama gani?" Nawajibu, maana ndiyo kazi yangu na wamelipa kiingilio. Lakini kwa mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha haya mambo, hilo lilikuwa swali la mtoto. Majina ya wanyama mtu anaweza kuyakariri nyumbani akiwa na kitabu chenye michoro. Mjomba akiinama juu ya alama alitaka kujua jambo moja: alipita saa ngapi?

Alikuwa na sababu zake. Mjomba ni Mkamba wa Makueni, na ujanani aliajiriwa kufuata nyayo katika misafara ya uwindaji, ile ya wageni wenye bunduki na mahema makubwa. Ukimpeleka mgeni nusu siku nyuma ya nyati aliyepita jana, umempotezea pesa na umejipotezea kibarua. Ukimwingiza kichakani nyuma ya nyati aliyepita sasa hivi bila kumwonya, unatafuta matanga. Mnyama ni yule yule, kwato ni zile zile, tofauti ni saa tu.

Kazi hiyo ilikwisha mwaka wa 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini. Wageni wakaanza kuja na kamera, naye akaja Nairobi akawa mlinzi wa usiku Muthaiga, kwenye nyumba ambayo ua wake wa nyuma haukuwa mbali na Karura. Alilinda geti kwa mwili, lakini pua iliendelea na kazi ya zamani. Alikuwa akiniambia fungo, yule mnyama wa usiku anayefanana kidogo na paka mkubwa, amepita uani usiku kama vile jirani anavyokwambia nani alichelewa kurudi.

Mimi nilianza kuingia naye msituni baada ya uzio wa umeme kujengwa na watu kuanza kutembea humo bila hofu. Kabla ya hapo Karura lilikuwa jina la kutishia watoto. Wenye umri wangu wanakumbuka pia vita vya ardhi, na vile Profesa Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti mahali ambapo wengine walikuwa wameshagawana viwanja. Kama wangeshindwa, leo ningekuwa nawatembeza watu kwenye maegesho ya magari. Badala yake tuna zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, zenye pongo, funo na suni, wote wa jamii ya paa, pia nguruwe mwitu, nungunungu, kima na wengineo wanaotoka sisi tukilala.

Basi, saa.

Saa ya kwanza ni mvua. Anayelala chini ya mabati ananielewa: mvua ya usiku haiwezi kuanza wala kukoma bila wewe kujua. Mjomba alikuwa na mazoea ya kutazama saa mvua inapokatika, na asubuhi aliikumbuka. Tukikuta kwato za pongo kwenye udongo mwekundu kando ya Mto Karura, alitazama kwanza kama matone yamezitoboa. Zikiwa na vishimo vya matone ndani yake, pongo alipita kabla ya mvua kukoma. Zikiwa safi na vishimo viko pembeni tu, alipita baadaye. Kama mvua ilikatika saa tisa usiku na sasa ni saa moja asubuhi, tayari umeibana safari yake ndani ya saa nne, na bado hujafanya kazi yoyote.

Kisha unazidi kuibana. Kingo za unyayo bado zina ncha kali, au zimeanza kubomoka? Kuna mdudu aliyekatiza juu yake na kuacha mstari? Nyasi alizokanyaga zimeshainuka? Umande kwenye majani ya njiani umepanguswa, au umetulia mzima? Buibui ni saa nyingine nzuri sana. Pongo anapopita kati ya vichaka viwili hukata utando kwa kifua. Ukikuta utando mzima umetandwa kwa kimo hicho, juu ya njia yenye nyayo, jua mwenye nyayo aliwahi kupita kabla ya buibui kumaliza kazi yake. Mjomba alikuwa akijumlisha haya yote kimyakimya, halafu anasema, "Huyu hana nusu saa." Mara nyingine tulimsikia kabla hata hatujamwona, kwa kuwa pongo akishtuka hubweka, sauti kavu ambayo wageni hudhani ni mbwa wa mtu.

Mwanga nao una masharti yake. Hapa kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita hukaa utosini na kufuta kila kitu, kwa sababu unyayo huonekana kwa kivuli chake. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, simama ili unyayo uwe kati yako na jua, uso wako ukiliangalia jua. Kishimo ambacho hukukiona kinajitokeza chenyewe. Nimeona watu wakitafuta huku jua liko mgongoni, kivuli chao wenyewe kimelala juu ya kile wanachokitafuta.

Harufu ndiyo ilinichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayopenda kuizungumzia, hivyo mniwie radhi nikirefusha.

Watu wengi huamini harufu kali maana yake ni harufu mpya. Sivyo. Mkojo uliotoka sasa hivi hauna ukali mwingi. Ule mnuko wa amonia unaochoma pua huja baadaye, vijidudu vikishaanza kuuvunjavunja, halafu nao hupungua. Kwa hiyo mahali panaponuka vikali, huenda mwenyewe ameshakwenda zake kitambo. Fungo ndiye mdanganyifu mkubwa kuliko wote. Ana tezi chini ya mkia, na akijipaka kwenye shina la mti harufu hiyo hukaa wiki nyingi. Unaweza kuinusa ukashikilia pua, ukaangaza macho kila upande, kumbe alipita mwezi uliopita. Ukitaka kujua habari zake za karibuni, tafuta choo chake. Fungo hurudi kujisaidia pale pale, na rundo lake hulitambui kwa harufu bali kwa vilivyomo: pete za maganda ya jongoo, mbegu za matunda, mabaki ya wadudu. Tabaka la juu ndilo la jana au la leo.

Halafu mvua huharibu hesabu. Unyevu hufufua harufu kuukuu. Baada ya mvua ya kwanza ya Machi msitu mzima hunuka kana kwamba kila mnyama amepita asubuhi hiyo. Siku kama hizo mjomba aliifunga pua, akatumia macho na vidole. Kinyesi cha pongo ni vipira vidogo. Kikiwa kipya hung'aa kwa ute, nzi wameshafika, na ukikivunja kwa kijiti ndani ni kibichi na laini. Jua likikipiga huweka ganda haraka. Hapo pana mtego: kinyesi kile kile kilichoanguka kivulini chini ya mihugu kitabaki kibichi muda mrefu kuliko kilichoanguka njiani kwenye jua. Lazima ujiulize kwanza jua limefika hapa tangu saa ngapi. Ndiyo maana hakuna jedwali unaloweza kulibeba mfukoni. Nimejaribu kuwaandikia wanagenzi jedwali, mjomba akaliangalia akacheka, akaniuliza kama nimeandika na kivuli.

Kuna siku tulitembea na mgeni kutoka Marekani, mzee wa makamo, mwindaji. Kwao huwinda kulungu wenye mkia mweupe, ambao kwetu hawapo kabisa; wale pembe zao zina matawi na hudondoka kila mwaka, si kama za pongo zinazobaki kichwani maisha yote. Alikuwa mtu wa maswali na alivaa kimya kimya, nguo zisizo na mng'ao wala mchakacho. Nilikuwa mkalimani kati yake na mjomba, na sijawahi kuona wazee wawili wakielewana haraka namna ile.

Mgeni alieleza kwamba majira ya kupandana yakifika kule kwao, dume husugua pembe kwenye miti michanga hadi gome likabanduka. Tena huchagua mahali penye tawi lililoinama, akakwaruza udongo chini yake, akalitafuna lile tawi na kulisugua kwa paji la uso na pembe ya jicho ambako ana tezi, kisha akakojoa mkojo ukapitia kwenye tezi za miguu ya nyuma na kumwagika kwenye mkwaruzo. Madume na majike wengine huja kusoma hapo. Wawindaji nao huja kusoma: udongo wa mkwaruzo una unyevu bado, au umekauka na kufunikwa na majani yaliyopukutika?

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo dume huja hapo saa ngapi?"

Mgeni akacheka sana. Akasema hilo ndilo linalowatesa wawindaji wote wa kwao, maana mara nyingi huja usiku, nao wanashinda mchana kutwa juu ya mti wakiuchungulia mkwaruzo usio na mtu.

Ndipo mjomba akatupeleka kwenye choo cha suni. Suni ni paa mdogo wa kilo tano hivi, kimo chake hakifiki gotini pa mtu mrefu, na watu wengi hukimbia Karura kila Jumamosi kwa miaka bila kumwona. Lakini vyoo vyake viko, marundo ya vipira vidogo kuliko punje ya mahindi, kando kando ya himaya ya dume. Dume huyo ana tezi kubwa mbele ya jicho. Digidigi wa kwao Makueni ni vivyo hivyo: huchoma ncha ya kijiti au ya jani la nyasi kwenye tezi ya jicho, akaacha tone jeusi. Mjomba alieleza kwamba utotoni walilipima tone hilo kwa ncha ya kidole. Likinata na kung'aa, rudi nyuma taratibu, wenyewe wako karibu, dume na jike wake. Likiwa kavu lisilo na mng'ao, endelea na safari. Mgeni alipiga magoti akalinusa rundo la suni kwa dakika nzima, na wakimbiaji waliokuwa wakipita walitutazama kwa namna ambayo nimeshaizoea.

Jambo la upepo wao wawili walibishana kidogo. Mgeni alisema kwao watu hufua nguo za kuwindia kwa sabuni isiyo na harufu, huzitunza kwenye mifuko iliyofungwa, na kuna dawa za kujipulizia. Mjomba aliona hiyo ni gharama ya bure. Yeye alibeba kitambaa chenye majivu ya jiko. Akikitikisa kidogo, vumbi lile linaonyesha upepo unakwenda wapi, na wewe unajipanga. Harufu ya mtu haiishi kwa sabuni, alisema, hata pumzi yake inanuka. Mimi niko upande wa majivu.

Na majivu yanafundisha kitu kuhusu mabonde yetu. Karura imekatwa na mito midogo, na alfajiri hewa baridi huwa nzito, huteremka mteremko kuelekea mtoni. Ukitaka kumwona pongo aliye juu ya mteremko, mfikie kutoka chini, hewa ikiteremka kutoka kwake kuja kwako. Jua likishapasha mteremko joto, saa tatu hivi au saa nne kwa siku isiyo na mawingu, hewa hugeuka na kuanza kupanda. Njia iliyokuwa salama saa moja asubuhi sasa inakutangaza kwa kila mwenye pua. Mawingu ya Julai yakitanda, mgeuko huo huchelewa au hauji wazi, na majivu huzungukazunguka mahali pamoja. Siku ya namna hiyo ni afadhali ukae chini uwaache wao ndio watembee.

Kitu kimoja nimekiona mwenyewe bila kufundishwa: kwenye njia kuu, zile zenye alama na namba, suni na pongo hawajali sana harufu za watu. Wamezizoea, marashi, mafuta ya misuli na yote. Ondoka njiani hatua chache tu na harufu ile ile inawafukuza. Sijui kama ni sahihi kusema wanajua mipaka yetu kuliko sisi tunavyojua yao, lakini ndivyo inavyoonekana.

Siyo msituni tu elimu hii inapohitajika. Mwaka wa 2016 simba kadhaa walitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mmoja wao, dume aliyeitwa Mohawk, akapigwa risasi Isinya mwezi wa Machi. Majuma hayo kila alama kwenye tope la Rongai ilikuwa ya simba. Jamaa yetu anayeishi huko alitupigia simu, watu wamekusanyika nyuma ya ploti, akina mama wamewafungia watoto ndani. Mjomba alikwenda, nami nikamfuata. Alama zilikuwa kubwa kweli, lakini mbele ya kila kidole palikuwa na nukta ya kucha. Simba na chui hutembea wamerudisha kucha ndani. Duma peke yake kati ya hao paka wakubwa ndiye kucha zake huonekana. Tena kisigino cha paka kina matuta matatu kwa nyuma, hiki kilikuwa na mawili.

"Mbwa," mjomba akasema. "Na ni wa juzi."

Watu walishangilia neno la kwanza, la pili hakuna aliyelisikia. Njiani tukirudi alinung'unika mpaka tukapanda matatu. Kama angekuwa simba wa juzi, alisema, kwa nini mfungie watoto leo? Na kama angekuwa wa asubuhi hii, mlikuwa mmesimama pale nje mkifanya nini?

Hata chui tulimjadili siku ile, maana Lang'ata na Karen wako. Mkojo wa chui, kwa wanaofuatilia wanyama, hunuka kama bisi zenye siagi. Nimewahi kuisikia harufu hiyo kando ya mbuga jioni, na nilitazama kwanza kama kuna mtu anauza bisi. Hakuwepo. Sikukaa kutafuta ni ya saa ngapi.

Siku hizi mjomba amerudi Makueni, magoti hayamruhusu kuinama. Mimi humpelekea picha kwa simu. Huziangalia, anataja mnyama bila kusita, kisha ananitumia sauti: picha ni safi, mpwa wangu, lakini hebu niambie mvua ilikatika saa ngapi, jua linapafikia hapo saa ngapi, umegusa ukingo? Simjibu tena kwa picha, nampigia nikiwa nimechuchumaa hapo hapo.

Ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho tulipokuta kitanzi. Tulikuwa na kikundi kidogo cha wanafunzi, tumeingia njia ya wanyama inayoteremka kuelekea Mto Ruaka, nikasikia moshi. Si moshi wa kuni zinazowaka, ule mkavu wa chuma kilichopitishwa motoni. Watega mitego huchoma waya ili usimetemete na ulainike. Tulisimama. Nilitazama kwa kimo cha kichwa cha pongo, na pale kati ya miche miwili palikuwa na waya wa breki ya baiskeli, mduara kamili, umefungwa kwenye shina. Nyasi za pande zote mbili zilikuwa zimelazwa kwa mkono ili mnyama asiwe na pa kupita ila hapo.

Wanafunzi walitaka kujua ni mtego wa mnyama gani. Mimi nilishampigia mjomba. Nikamsomea: utando wa buibui umevuka katikati ya kitanzi, una umande. Nyayo za viatu vya mpira ziko upande wa mto, zimetobolewa na matone, na mvua ilinyesha jioni ikakatika saa mbili usiku. Kijiti kilichokatwa kimeanza kuwa kahawia kwenye kidonda.

"Aliuweka jana mchana," mjomba akasema. "Atakuja kuuangalia, na anapenda kuja mapema. Ondoa hao watoto, waite wenye msitu."

Maaskari wa msitu walifika, wakaupiga picha, wakakata waya, wakatawanyika na kukagua njia iliyobaki kwa sababu mtega waya hatumii mmoja. Walipata mingine zaidi kule chini, mmoja ukiwa na manyoya tu. Mwalimu wa wanafunzi aliniuliza kama bado tuna muda wa kufika kwenye maporomoko, nikatazama jua, nikamwambia tunao ila tupitie njia ya juu.